Viatu vya Mtu Mwingine

Begi langu lilishuka Nakuru, mimi nikashuka Eldoret. Hadi leo sijui ni abiria gani aliyeondoka nalo. Konda, ambaye asubuhi Nairobi alikuwa amenitoza nauli ya ziada kwa ajili ya begi hilohilo, alinieleza kwa utulivu mkubwa kwamba mzigo ni juu ya mwenyewe. Ndani yake mlikuwamo viatu vyangu vya kukimbilia, vilivyokwisha kuizoea miguu yangu kwa miezi minane, na bila hivyo safari yote kutoka Tanga ilikuwa haina maana. Hivyo niliingia Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, jioni nikiwa na makubazi miguuni, simu, na mfuko wa korosho niliokuwa nimeupakata njia nzima. Kuhusu mpaka wa Horohoro na treni ya Mombasa sina la kusimulia.

Nilikwenda Iten kwa sababu ya ubishi. Nimekimbia tangu nikiwa na umri wa miaka tisa, yaani tangu mwaka 1974, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch kwa dakika 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo huku John Walker akimfukuza bila kumpata. Mtaani kwetu kila mtoto alikuwa Bayi, na sote tulielewa kwamba kukimbia ni kutoka mbio tangu hatua ya kwanza, atakayebaki nyuma na abaki. Imani hiyo imenigombanisha kwa miaka thelathini na rafiki yangu mmoja, fundi baiskeli, ambaye tumekuwa tukikimbia pamoja alfajiri katika barabara ya Raskazone. Yeye hushikilia kwamba mazoezi ni polepole, na nikimtajia Bayi hunijibu, "Hiyo ilikuwa fainali, bwana. Siku ya mazoezi ulimwona wapi?" Tulikubaliana kwenda Iten tukawaone wakimbiaji kwa macho yetu, lakini mwaka huu goti lake lilikataa, akaniagiza niende nikaone kwa niaba ya wote wawili, na nisidanganye.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio, na langoni mwa mji kuna maandishi ya Kiingereza yanayomtangazia kila apitaye kwamba hapo ni nyumbani kwa mabingwa. Mimi ni mtu wa pwani. Nilipanda ngazi za nyumba ya wageni, ambayo ilinitoza kama mtalii na kuninyima maji ya moto, nikahema kama niliyebeba gunia.

Asubuhi nilimkuta mzee wa rika langu ametandaza viatu vya mbio vya mitumba juu ya turubai. Nilichagua jozi ya namba 42, kisigino cha kulia kimeliwa upande wa nje, na chini ya ulimi wa kiatu mtu alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu ya wino, bila shaka siku alipovivaa mara ya kwanza. Akataka shilingi 3,500 za Kenya. Nilimwambia kwamba viatu hivyo vimekwisha.

"Vimekwisha kwa yule jamaa," akasema. "Kwako bado sana, mzee."

Alipojua ninatoka Tanzania, uso wake ulibadilika. "Ikangaa!" akasema, kisha akainua kidole kimoja. Nilielewa mara moja. Marathoni ya Boston, mwaka 1988: Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, Juma Ikangaa wetu 2:08:44. Tulisimama pale tukizirudia mita za mwisho za mbio ambazo hakuna kati yetu aliyezishuhudia, mpaka akanipunguzia shilingi mia tano, akidai kwamba ni fidia ya ile sekunde. Nilimpa korosho. Akaniambia kesho yake saa kumi na mbili niwe palepale, "tutaenda pole tu."

Nilidhani ni neno la heshima. Tuliondoka watu kama ishirini, wengi wao vijana, mmoja akiwa yule ambaye, kama nilivyoambiwa, marathoni huimaliza kwa saa mbili na dakika kumi. Kilomita ya kwanza ilituchukua zaidi ya dakika saba. Mtoto wa shule mwenye mkoba mgongoni alitupita, na hakuna aliyejali. Kasi ilipanda kidogo kidogo kama maji ya bamvua, na walipofika kilomita ya nne nilikuwa nikiona migongo tu na vumbi jekundu. Muuza viatu alibaki nami. Kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kujibu, yeye ndiye aliyezungumza: walianza vijana saba kwenye barabara ile, akawataja mmoja mmoja, huyu analima mahindi, huyu alihamia Eldoret, wawili wamezikwa. Nami moyoni nikawahesabu wa Raskazone. Tulikuwa sita, sasa, goti la Fundi likiwa hivi, tumebaki wawili.

Siku zilizofuata zilifanana, isipokuwa Alhamisi, ambapo kundi la zaidi ya watu mia lilitoka kwa mtindo wa dakika moja kasi na dakika moja taratibu. Ardhi ilitetemeka. Nilisimama kando na korosho zangu za mwisho, nikamwona Bayi mara mia.

Usiku huo nilimpigia Fundi simu, nikamweleza habari za Alhamisi kwa kirefu, pamoja na vumbi na ile kasi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na Jumatano?" akauliza.

Nikamwuliza hali ya goti.