Nilivyoipata tmRNA ya bakteria wa kunde

Kunde na njugumawe tunazolima huku Mtwara hupata naitrojeni kwa bakteria wa vinundu vya mizizi, wengi wao Bradyrhizobium. Nilichotaka ni tmRNA yao, ile RNA inayookoa ribosomu (kiwanda cha protini cha seli) iliyokwama kwenye mRNA (RNA yenye maelekezo ya protini) iliyokatika. Huingia kama tRNA (RNA inayoleta asidi amino, matofali ya protini) iliyobeba asidi amino iitwayo alanini, kisha hugeuka mRNA na kuibandika protini mbovu lebo ya kwenda kuvunjwa. Ya E. coli, bakteria wa utumbo anayechunguzwa sana maabara, ina nukleotidi (herufi za RNA) 363. Lebo yake ni AANDENYALAA, kila herufi ni asidi amino moja.

Nilianza vibaya: niliingiza mfuatano wa E. coli kwenye BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana. Sikupata kitu cha maana, hata niliposhusha urefu wa neno (kipande kinacholazimika kulingana kwanza) kutoka herufi 28 hadi 7. Sehemu ya katikati ya tmRNA hubadilika mno, zinazofanana ni ncha tu. Tena Bradyrhizobium ni wa kundi la alfa (alfaproteobakteria), na huko jeni imepinduliwa: kipande chenye ncha ya kubebea alanini kinatangulia, chenye lebo kinafuata, halafu kiungo cha kati kinakatwa. Zinabaki RNA mbili zilizoshikana.

Kanzidata ya Rfam, yenye familia za RNA na modeli zake, imelitenganisha jambo hili vizuri. RF00023 ni ya kawaida, RF01849 ya alfa, RF01850 ya beta, RF01851 ya sianobakteria. Ukitumia RF00023 peke yake utaapa bakteria wako hana tmRNA. Nilipakua modeli ya RF01849 tu nikaiendesha kwa cmsearch, programu inayotafuta RNA inayolingana na modeli ndani ya jenomu (DNA yote ya bakteria). Kuchukua modeli zote ni kuchoma bando bure.

Kuhakiki, nikatumia ARAGORN, programu nyingine ya kutafuta tmRNA:

aragorn -m -gcbact -l -o jibu.txt jenomu.fasta

Hiyo -l usiisahau kama jenomu yako bado ni vipande. Bila hiyo programu huchukulia kila kipande ni duara, ikaunga mwisho na mwanzo. Kwa kromosomu kamili iliyofungwa, weka -c.

Alama kubwa iliyotolewa na programu haikunitosha. Nilitazama lebo kama inaishia alanini mbili kabla ya kodoni ya kusimama, kisha jozi ya tatu ya herufi kwenye shina la kipokezi (shina la ncha ya kubebea alanini): lazima iwe G na U, maana ndiyo inayotambuliwa na kimeng'enya cha alanini.

DNA ina nyuzi mbili, na uzi nao huponza. ARAGORN huandika c[ ] kwa uzi wa pili. Cmsearch huonyesha namba ya mwanzo kubwa kuliko ya mwisho. Ukikata herufi za uzi huo wa pili bila kuzigeuza nyuma mbele na kuzibadilisha A kwa T, G kwa C, unahifadhi takataka yenye jina zuri.