Jiji haligandi: kupiga picha za mwendo mitaani Dar es Salaam

Jua la Dar saa sita mchana halimwonei huruma mtu. Jiji liko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Macho yanageuka mashimo meusi na kofia inameza uso mzima. Wengi huifungia kamera kabatini hadi jioni, lakini jioni ya huku haikai: tangu jua lizame hadi giza liingie una dakika 20 na ushee tu. Kwa maoni yangu, heri kuacha kufukuzana na mwanga na kushika kitu ambacho jiji hili linacho saa zote: mwendo. Huo unadhibitiwa na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inakaa wazi kupokea mwanga, na kuichezea hakuhitaji kamera ya bei.

Anza na hesabu ndogo. Bodaboda inayokwenda kilomita 30 kwa saa husogea mita 8.3 kila sekunde. Kwa 1/1000 ya sekunde inasogea chini ya sentimita moja, na pichani itaonekana kama imeegeshwa. Kwa 1/30 inasogea sentimita 28. Hapo ukiishikilia kamera palepale, pikipiki inakuwa ukungu. Ukiizungusha kamera kuifuata, pikipiki inatulia na mtaa ulio nyuma ndio unaokuwa mistari.

Simama umbali wa mita 8 hadi 10 kutoka barabarani, mahali ambapo chombo kinapita mbele yako kikikuonyesha ubavu. Vidole vya miguu vielekee pale utakapobonyeza. Geuza kiuno kumpokea dereva akiwa bado mbali, mfuate, bonyeza bila kusimama, kisha endelea kumfuata hata baada ya mlio wa shata. Wengi hukosea hapo mwishoni: mkono unasimama kidole kinapobonyeza, na picha inaharibika wakati uleule. Weka fokasi ya kuendelea, ile inayomfuata anayesogea, siyo ya mara moja. Kama lenzi ina kidhibiti mtikisiko kisicho na modi ya kufuatisha, kizime, maana kitapigana na mzunguko wako kikidhani mkono unatetemeka.

Picha ikishindikana, isome. Mistari ya nyuma ikiwa imenyooka lakini dereva hajatulia, basi kasi yako na yake hazikulingana. Mistari ikiwa na mawimbi, mkono ulipanda na kushuka, pengine ukimfuata dereva aliyepita shimoni. Tafuta kipande cha lami kisicho na mashimo. Kama pua ya basi la mwendokasi imetulia na mkia umefifia, hukukosea. Basi ni refu, na kila sehemu yake inapita machoni pako kwa pembe tofauti. Rudi nyuma utumie lenzi ndefu zaidi, tofauti itapungua. Na ukuta mtupu hautoi mistari hata ufuatishe vizuri namna gani. Nyuma panatakiwa pawe na vurugu: maduka, mabango, ndoo za plastiki, watu.

Daladala ni zawadi kwa kazi hii, kwa sababu ya ile mistari ya rangi ya njia ubavuni na konda anayening'inia mlangoni. Lenga uso wa konda, usilenge gari. Kwa 1/30 mkono wake unaopunga abiria utafifia huku uso na maandishi ya mlangoni yakisomeka, na hiyo ndiyo picha. Tegemea moja nzuri kati ya kumi, na usiogope kufuta.

Kikwazo ni mwanga kuzidi. Jua likiwa kali, ISO 100 (unyeti wa kamera kwa mwanga) na f/16 (namba ya tundu la lenzi; ikipanda, tundu linapungua) hutaka karibu 1/100. Ukishuka hadi 1/30 picha inaungua hata kwa f/22. Subiri chombo kiingie kivulini mwa jengo, anza saa kumi na moja jioni, au funga filta ya polaraizi, ambayo hula stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) na kuondoa mng'aro wa vioo vya magari. Kwa simu ni vigumu zaidi, kwani tundu la simu nyingi halifungiki. Simu ya f/1.8 juani, ISO 100, inataka kama 1/8000.

Suluhisho liko kwa fundi wa kuchomelea. Vioo vya miwani yao vina namba. Namba 8 hupitisha takriban sehemu moja kati ya 1,000 ya mwanga, sawa na stopu 10, na namba 10 hukata karibu stopu 13. Kamera iliyokuwa inataka 1/125 juani, kwa namba 8 itataka sekunde 8. Simu iliyokuwa inataka 1/8000, kwa namba 10 itataka karibu sekunde nzima. Panga picha na ufunge fokasi kabla ya kuweka kioo, maana baadaye kamera haioni kitu. Kioo hicho hugeuza kila kitu kijani. Kama unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, piga kwanza karatasi nyeupe kupitia kioo hicho urekebishie rangi hapo. Ikikataa, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe na mambo yaishe.

Sekunde moja hadi mbili ndiyo kipimo ninachokipendekeza kwa Kariakoo. Mtaa wa Kongo kwa sekunde 8 unabaki mtupu wenye moshi, kwa sababu kila anayetembea amefutika. Kwa sekunde moja anayetembea anakuwa mzuka wenye miguu, na muuzaji aliyesimama kwenye meza yake anabaki wazi. Miavuli ya rangi ni mtego mwingine: chini ya mwavuli mwekundu na wa bluu iliyopakana, uso mmoja unapata rangi mbili, na hakuna marekebisho ya rangi yanayotibu zote kwa pamoja.

Tripodi humvuta mgambo kabla hata hujaifungua. Mfuko wa maharage nusu kilo juu ya ukingo au kofia ya gari hufanya kazi ileile na hakuna anayeuangalia. Darajani Manzese, pale wanapovuka waenda kwa miguu, hata tripodi haisaidii, kwani daraja hutikisika kwa hatua za watu. Usipige sekunde 15 mara moja. Piga fremu 8 za sekunde 2, tupa zilizotikisika, kisha uzipange zilizobaki kama leya, yaani matabaka, katika GIMP, programu ya kuhariri picha. Opacity (kiwango cha leya kuonekana) ya leya ya chini iwe asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea hivyo: mia gawanya kwa namba ya leya. Matokeo ni wastani halisi wa fremu zote, na chenga, zile nukta za vurugu pichani, zinapungua pia. Fremu 4 huzipunguza kwa nusu. Kwa michirizi ya taa za magari badili modi ya leya iwe Lighten only na urudishe zote asilimia 100, vinginevyo wastani utaifanya michirizi ififie.

Usiku kuna jambo la umeme. Wa kwetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 chini ya taa za duka utapata mikanda ya giza, na bango la taa mbele ya mwendokasi, ambalo hupepesa kwa mwendo wake lenyewe, linaweza kutoka na herufi nusu. Shuka hadi 1/100 au 1/50.

Feri pana picha nyingi, ila Ikulu na bandari haviko mbali. Lenzi isielekee huko. Mtu mzima aamkiwe kwanza, na akisema hapana, ni hapana. Ukitoka pale futa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kile kikavu, kwa kuwa chumvi kavu ikisuguliwa inakwaruza. Ukitoka ofisini kwenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30, la sivyo kioo kitashika ukungu, na hata ukifuta utarudi.