Uzio wa Mita 46: Kazi Ipi Yangu, Kazi Ipi ya Fundi

Novemba iliyopita, siku chache baada ya mvua za vuli kukolea, niliegemeza reki kwenye uzio wa bustani yangu hapa Rau, Moshi, na nguzo iliyopokea uzito huo mdogo ikakatika kwenye usawa wa ardhi bila hata kutoa mlio. Nilipoigeuza niliona kwamba kwa nje ilikuwa nguzo ya mkaratusi kama nguzo nyingine yoyote, lakini ndani mchwa walikuwa wamekula mti wote wakaacha ganda, na mahali palipokuwa na mti wamejaza udongo wao. Nikapita kwenye nguzo moja baada ya nyingine nikizisukuma kwa goti. Kati ya nguzo 21, zilizobaki imara zilikuwa 4, na hizo nne nazo nilizitilia shaka. Kesho yake asubuhi nilikuta mbuzi wawili wasio wangu wamesimama katikati ya mchicha, wakiwa wametulia kana kwamba wamealikwa.

Kwamba uzio ulipaswa kubadilishwa halikuwa jambo la kujadili. Jambo la kujadili lilikuwa nani aubadilishe. Kaka yangu alinishauri nitafute fundi, nimkabidhi kazi, nirudi kwenye shughuli zangu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 anayesubiri ajira, alisema, "Mama mdogo, hii kazi ni kuchimba mashimo na kuvuta waya tu, kwa nini tutoe hela?" Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, na ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba wote wawili walikuwa wanalizungumzia jambo hili kana kwamba ni kazi moja, wakati kwa hakika ni kazi tano au sita zilizofungwa pamoja kwa jina la uzio.

Nianze na aina za uzio nilizoziacha, kwa sababu hazikunichukua muda. Ukuta wa tofali ulikuwa juu ya uwezo wangu, na isitoshe sikutaka kuizungushia migomba gereza. Michongoma ni uzio mzuri kuliko yote kwa macho yangu, lakini huhitaji miaka kadhaa kabla ya kumzuia mbuzi, na baada ya hapo huhitaji mtu wa kuikata maisha yote. Manyara hukua upesi, ila utomvu wake ukiingia machoni huunguza vibaya, na hapa nyumbani watoto hucheza kila mahali. Nikabaki na uzio wa nguzo na wavu wa waya, wenye kimo cha mita 1.8 pamoja na mistari miwili ya seng'enge ya juu.

Niliwaita mafundi watatu waje kuona. Wa kwanza alisimama getini, akatupa jicho kushoto na kulia, akataja bei ya kazi nzima. Wa pili alihesabu hatua. Wa tatu aliomba futi, akapima upande unaopakana na jirani akapata mita 28, akapima upande wa kichochoro akapata mita 18, kisha akapiga magoti kwenye kona, akafukua kwa mkono kuangalia nguzo ya zamani ilikuwa imeingia chini kiasi gani. Ilikuwa imeingia kama sentimita 35. "Mama," akasema huku akipangusa mikono, "hata bila mchwa huu uzio ungelala. Kona ikikubali, uzio mzima umekubali." Kisha akaniuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: mpaka uko wapi?

Fundi huyo aliomba shilingi 650,000 za ufundi, pamoja na kubomoa, kuchimba, kusimamisha na kuvuta waya, vifaa vikiwa juu yangu. Haikuwa bei ya kunikomoa, lakini ilikuwa fedha ambayo sikuwa nayo mkononi bila kugusa ada za shule. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi kila hatua na gharama yake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunifungukia, kwa sababu zaidi ya nusu ya fedha hiyo ilikuwa ya kubomoa uzio wa zamani, kuchimba mashimo na kubeba, yaani kazi ambayo mtu akiikosea, hasara yake ni jasho tu. Shimo likiwa pana kupita kiasi unarudishia udongo na kuushindilia. Nguzo ya kona ikikosewa, ikashikwa na zege, kuing'oa ni msiba.

Lazima nieleze kwa nini kona ni mambo mengine. Nguzo za katikati hubeba wavu tu, lakini waya unapokazwa, mvutano wote huishia kwenye nguzo za mwisho na ile ya kona, ambazo huvutwa mchana na usiku kwa miaka yote ya uzio. Kwa hiyo hizo huchimbiwa zaidi, huwekwa mti mnene zaidi, na kila moja huegemezwa kwa nguzo ya mshazari ambayo mafundi huiita sapoti, ikielekea upande ule ule unaovutwa na waya. Kwenye kona, waya huvuta pande mbili, kwa hiyo sapoti nazo ni mbili. Nguzo hiyo ikiinama kidogo tu, wavu wote hulegea na kuning'inia kama kanga kwenye kamba ya kuanikia.

Hayo niliyajua kwa kusoma na kuuliza, lakini kuyajua na kuyafanya ni mambo mawili. Nikiri kosa langu. Kabla ya kukubaliana na fundi, mimi na mpwa wangu tulijaribu nguzo moja ya kawaida upande wa kichochoro, kwa jicho bila pima maji, tukamwaga zege tukiwa na furaha kubwa. Asubuhi, nikiwa nimesimama umbali wa hatua kumi na kikombe cha chai, niliona wazi kwamba inamwangalia mpita njia. Zege lilikuwa bado bichi, tukaing'oa kwa mtaimbo, tukapoteza nusu siku na karibu nusu mfuko wa saruji. Tangu siku hiyo nilipunguza maneno kuhusu kazi ya fundi kuwa rahisi.

Ila kulikuwa na kazi nyingine ambayo fundi asingeweza kuifanya hata ningemlipa mara mbili, nayo ni ile ya swali lake. Kati ya kiwanja changu na cha jirani kuna mstari wa masale ambao marehemu baba aliukuta, na sisi Wachagga sale likishaota mpakani halichezewi, kwani ni mmea huo huo unaopelekwa kwa mtu kuomba msamaha. Uzio wa zamani ulisimama kama nusu mita ndani ya masale, upande wetu. Mafundi wawili wa kwanza walinishauri nisogeze uzio mpaka kwenye masale nijipatie eneo langu, na kwa hesabu ya futi walikuwa sahihi: mita 28 mara nusu mita ni mita za mraba 14, eneo la kutosha tuta refu la mboga.

Nilikwenda kwa jirani jioni moja. Ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne, kwa hiyo mazungumzo yalianza kwa shikamoo na yakapitia habari za watoto wote kabla ya kufika kwenye uzio. Nilipomweleza alicheka kidogo, akanishika mkono, tukatoka hadi kwenye masale. "Baba yako hakukosea kupima," aliniambia. "Hapa palipita mfongo. Yeye na mume wangu walikubaliana pabaki nafasi ya mtu kupita na jembe kuusafisha." Mfereji huo haujapitisha maji ya kumwagilia kwa miaka mingi, lakini mwezi wa nne, masika yanapokuwa makali, maji ya mvua kutoka juu bado hufuata njia yake ya zamani. Nguzo zangu zingesimama humo ndani. Nilimshukuru Mwalimu, tukaweka alama pamoja, na mwenyekiti wa mtaa akaja siku iliyofuata kushuhudia, jambo ambalo lilinigharimu soda mbili.

Baada ya hapo uamuzi ulikuwa umejifanya wenyewe. Nilirudi kwa fundi wa tatu nikamwambia kwamba kubomoa, kuchimba mashimo 18 ya kawaida na kununua vifaa ni juu yangu. Kupiga kamba, kuchimba na kusimamisha nguzo tatu kubwa, kunyoosha nyingine zote kwa pima maji na kuvuta waya ni juu yake. Alisita, kwa kuwa mafundi wengi hawapendi kazi iliyokwisha guswa, na sikumlaumu, maana akikuta shimo limepinda lawama humwangukia yeye. Tulikubaliana kwa shilingi 280,000 kwa sharti kwamba yeye mwenyewe apige kamba na kuchomeka vijiti mahali pa kila shimo kabla sisi hatujachimba. Malipo tuliyagawa mara tatu: kidogo siku ya kamba, kingine nguzo zikisimama, na kilichobaki baada ya waya kukazwa na mimi kuukagua. Tuliandika, tukasaini.

Kuhusu vifaa, niliona afadhali ninunue mwenyewe, si kwa kumshuku, bali kwa sababu nguzo ndizo zilizoniangusha mwanzo. Safari hii nilichukua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani, za mita 2.4, ili sentimita 60 ziingie ardhini. Dukani kijana alitaka kunikatia tatu zilizokuwa ndefu kidogo, na nikamzuia kwa wakati: dawa hunywewa na sehemu ya nje ya mti, na moyo wake haunywi vizuri, kwa hiyo ukikata ncha na kuielekeza chini unawafungulia mchwa mlango. Kama ni lazima kukata, kata ncha ya juu. Saruji nilipiga hesabu kwa mchanganyiko wa karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto, nikapata mifuko 7 ya kilo 50. Tulimaliza sita na kitu.

Kuchimba kulichukua Jumamosi tatu za Januari. Udongo wa juu ni laini, lakini ukishuka sentimita 30 unakutana na mawe ya mlima, mviringo, mengine yenye ukubwa wa kichwa cha mtu, na hapo sururu haisaidii. Ni mtaimbo na uvumilivu. Shimo la saba tuliliruka. Nilikumbuka kwamba bomba la maji kutoka kwenye mita hupita hapo, jambo ambalo halikuonekana popote juu ya ardhi, tukasogeza kijiti sentimita 40 kwa ridhaa ya fundi. Chini ya kila shimo tuliweka kokoto kidogo ili maji yasituame kwenye kitako cha nguzo, na zege tuliliinamisha juu ili mvua itiririke kando.

Fundi alikuja na kijana wake, wakasimamisha nguzo zote kwa siku mbili, kisha akakataa kabisa kugusa waya mpaka zipite siku saba. Nilikuwa na haraka, mbuzi walikuwa bado na mazoea yao, lakini hakukubali. Siku ya nane walivuta wavu kuanzia kwenye kona, na nilipoupiga kofi ulirudi mkononi kama ngozi ya ngoma.

Masika yamepita. Nguzo zote zimenyooka, na sapoti moja ya upande wa kichochoro imefanya ufa mdogo ambao fundi amekuja kuuangalia na kusema ni wa mti kukauka tu. Umebaki upande wa nyuma, mita 31, ambao bado ni wa zamani na nausukuma kwa goti kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa nane ukame ukiingia vizuri tutauanza, na mpwa wangu ameshaulizia kama safari hii naye atalipwa kutwa. Nimemwambia atalipwa, ila nguzo za mwisho ni za fundi.