Kitambaa Hakizuii Moshi wa Mipira

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mpwa wangu kazini, katika maweni ya Wilaya ya Kati hapa Unguja, ambako yeye na wenzake huchoma mipira chakavu ya magari, yaani matairi, ili watoe waya na kuziuza kwa kilo. Wote walikuwa wamejifunga vitambaa puani, na kila mmoja aliamini kwamba amejikinga.

Kitambaa kile, hata kikiloweshwa maji, huzuia masizi makubwa tu. Masizi membamba hupenya hadi ndani ya mapafu, na gesi hupita kana kwamba hakuna kitu: salfa iliyomo katika mpira hugeuka gesi inayobana kifua, benzini inajulikana kuleta saratani ya damu, na kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 hivi. Hii ya mwisho haizuiwi hata na barakoa za kawaida za kichujio, ndiyo maana wazimamoto hubeba mitungi ya hewa mgongoni. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ambavyo mpwa wangu huviita uchovu wa jua vinanitia shaka kubwa.

Marehemu baba, aliyekuwa baharia, angewaambia wakae joshini, yaani upande unakotoka upepo. Lakini wakati wa tanga mbili, yaani majira ya kati ya kaskazi na kusi, upepo hugeuka ovyo, na aliyekuwa salama asubuhi hujikuta demani, upande unakoelekea upepo, adhuhuri, amefunikwa na moshi.

Maji nayo si msaada mkubwa wa kuuzima moto huo, kwa kuwa tairi lina uwazi unaohifadhi hewa na joto. Huko Virginia, Marekani, rundo la mipira ipatayo milioni 7 lililoshika moto mwaka 1983 liliwaka kwa miezi kadhaa. Kwetu maji hayo yangeyasukuma mafuta ya mpira ulioyeyuka ndani ya mawe ya matumbawe, na huko ndiko yanakotoka maji ya visima vyetu. Bora kufukia kwa mchanga, ingawa mchanga wenyewe kisiwani umekuwa adimu.

Mpwa wangu amekubali kuoga na kubadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe. Nilipomshauri waache kuchoma, wakate waya nene za ukingoni kwa msumeno, alinijibu: "Mjomba, ulete kwanza huo msumeno."