Daftari la majeruhi lilivyotuonyesha mahali pa kurekebisha barabara

Kituo chetu cha afya kiko jirani kabisa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, upande wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mabasi ya mikoani na malori ya Zambia na Kongo hayalali. Anayeumia kwenye kipande chetu huletwa kwetu kwanza, ndipo apelekwe hospitali ya mkoa. Mimi ni tabibu hapo. Naandika jinsi tulivyotoka kwenye kufunga majeraha tukafika kwenye kuibadili sehemu iliyokuwa ikijeruhi watu, kwa sababu vituo vilivyo kando ya lami ni vingi, na taarifa inayohitajika kwa kazi hii vinayo tayari.

Kilichoanza kunisumbua ni miguu. Watembea kwa miguu waliogongwa walifika na muundi uliovunjika chini ya goti, kimo cha bampa. Hilo ni la kawaida. Lakini wengi walikuwa wameumia mguu wa kulia, na wakisimulia walisema walikuwa wameshavuka nusu ya barabara. Sisi tunaendesha kushoto. Mtu akishapita mstari wa katikati, gari lililo upande wake halali linamjia kutoka mkono wa kushoto. Akigongwa kulia akiwa pale, basi gari limemjia likiwa upande usio wake, yaani lilikuwa linaovateki. Nilipowauliza lilikuwa linaovateki nini, jibu lilijirudia: basi nililotoka kushuka.

Kitabu cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) cha wagonjwa wa nje kinataka jina, umri, makazi na ugonjwa. Hakimuulizi mtu ameumia wapi. PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, inatoka polisi na inarudi polisi. Kwa hiyo nilinunua kauntabuku, nikachora safu zangu: siku, saa, hali ya hewa, mahali, alikuwa nani barabarani (wa miguu, baiskeli, bodaboda, abiria, dereva), alikuwa anafanya nini dakika ile, amegongwa na nini kutoka upande gani, na ameishia wapi. Majina hatukuandika. Wale waliopewa rufaa, muuguzi wa zamu aliwafuatilia kwa simu hadi siku ya 30, maana anayefariki ndani ya siku 30 kutokana na ajali ya barabarani huhesabiwa kuwa ameuawa na ajali hiyo. Ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Bila ufuatiliaji huo, vifo vinavyotokea wodini mkoani visingeonekana kabisa kwenye daftari letu.

Safu ngumu kuliko zote ilikuwa ya mahali. Majeruhi au msamaria aliyemleta husema "pale kwa Mpemba", "kwenye mikaratusi", "kona ya fuvu". Kila mwenyeji anapajua, lakini mhandisi aliyeko mkoani hawezi kupatafuta kwenye ramani yake. Mwenyekiti wa kitongoji na kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda walinisaidia. Tulitembea kipande chote kwa miguu, tukalinganisha kila jina la mtaani na nguzo za kilomita zilizosimama kando ya barabara, simu ikitusaidia kusoma umbali. Tukatengeneza karatasi ya kubandika ukutani: jina la wenyeji, nguzo iliyo karibu, na mita ngapi kabla au baada yake. Kuanzia hapo hata mhudumu mpya wa zamu ya usiku aliweza kujaza safu ile ipasavyo. Kama kuna jambo moja tu ambalo kituo kingine kingeiga kwetu, ningependa liwe hilo.

Baada ya daftari kukusanya vya kutosha, nilihesabu majeruhi kwa vipande vya mita 500, kisha nikakisogeza kipande mita 100 mbele na kuhesabu upya, na tena, mpaka mwisho wa kijiji. Kusogeza huko ni muhimu. Ukihesabu kwa kilomita nzima nzima, mahali pabaya panaweza kukatwa katikati na nguzo, nusu ikaenda huku na nusu kule, na pande zote mbili zikaonekana salama. Waliofariki na waliopata ulemavu niliwapa uzito zaidi ya waliochubuka.

Kijiji kizima kiliamini mahali pa hatari ni kona ya fuvu, kwa sababu basi liliwahi kupinduka pale na habari ikatangazwa nchi nzima. Kona ile inatisha kweli, na kutisha kwake kunawafanya madereva wapunguze mwendo wenyewe. Daftari lilielekeza kwingine: kwenye mnyooko wa katikati ya kijiji, kwa Mpemba, ambako barabara ya vumbi kutoka sokoni inaingia kwenye lami na vituo viwili vya basi vinatazamana. Pale hapakuwahi kutokea ajali kubwa ya kuitwa msiba wa taifa. Palikuwa na mtu mmoja leo, mmoja wiki nyingine, jioni ya siku ya gulio wawili. Watu wa miguu na wa bodaboda wanaumia mmoja mmoja, na anayeumia peke yake hatangazwi. Duniani kote watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Wengi wao waliondoka hivyo hivyo, bila kamera.

Nilimshirikisha mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata. Tulipaka chokaa alama mbili zilizopishana mita 100, tukasimama mbali na lami kwenye kivuli, tukapima kwa saa ya simu. Hesabu yake ni rahisi: gari linalotumia sekunde 7.2 kati ya alama linakwenda kilomita 50 kwa saa, sekunde 4.5 ni kilomita 80, sekunde 3.6 ni kilomita 100. Katikati ya makazi sheria yetu inataka 50. Magari mengi tuliyoyapima yalikuwa karibu na 80, na mabasi kadhaa yalizidi. Alama ya 50 ilikuwepo, lakini iliwekwa wakati kijiji kilipokuwa kifupi. Nyumba, gereji na vibanda vimeifuata lami, na kijiji kimeipita alama yake. Trafiki wakiwa na tochi ya kupimia mwendo, mwendo unashuka, madereva wanapeana ishara za taa, na trafiki wakiondoka unapanda tena saa ile ile.

Kisha tulipima kuona. Kwa macho ya anayepita mnyooko ule ni tambarare, kumbe una bonde dogo linaloweza kumeza bodaboda nzima. Nilichuchumaa hadi macho yangu yakawa kwenye kimo cha dereva wa gari dogo, kijana akatembea na fimbo mpaka alipopotea, tukapima. Umbali wa kusimama unaotumiwa na wasanifu wa barabara, ukijumlisha muda wa dereva kushtuka na muda wa breki, ni kama mita 65 kwa mwendo wa 50 na mita 130 kwa mwendo wa 80. Dereva wa 50 angeweza kumwona anayevuka kwa Mpemba na kusimama. Dereva wa 80 asingeweza, hata angekuwa mtu makini wa namna gani. Siku ile ndipo nilipoacha kukubali maneno ya "uzembe wa dereva" kama maelezo yanayotosha. Uzembe upo. Lakini madereva tofauti, wa makampuni tofauti, kutoka nchi tofauti, hawawezi wote kufanya uzembe wa aina moja katika mita zile zile.

Nilichora yote kwenye karatasi moja: barabara, vituo viwili, njia ya sokoni, na mshale kwa kila majeruhi ukionyesha alikotokea yeye na lilikotokea gari. Mishale ikajikusanya makundi mawili. La kwanza ni walioshuka basi na kuvuka mbele yake. La pili ni bodaboda zinazokata kulia kuelekea sokoni, zikigongwa na gari linaloovateki kutoka nyuma.

Karatasi hiyo niliipeleka kituo cha polisi, na mkuu wa trafiki akaniruhusu tulinganishe na majalada yake. Ajali za malori na za vifo walikuwa nazo vizuri kuliko mimi. Bodaboda walioanguka na wenye miguu iliyovunjika wengi hawakuwemo, kwani pande mbili zilielewana pale pale na hakuna aliyefungua jalada. Tulipounganisha taarifa zetu picha ilikamilika, na hoja ikawa yetu sote.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mjadala ulikuwa mrefu. Mzee mmoja anayeheshimika sana alisimama akasema, "Daktari, pale damu imemwagika mno. Mahali pana mkosi, paombewe kwanza." Nikamjibu, "Mzee wangu, maombi yaendelee na mimi nitakuja. Ila naomba katika maombi hayo tuwaombe na wahandisi waje." Akakubali, na baadaye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kumkumbusha diwani. Vijana walitaka matuta kesho yake. Wenye malori wakapinga: barabara kuu haiwekwi matuta, shehena zinaharibika. Niliwakumbusha Mikumi. Barabara hii hii inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na matuta yamo kwa ajili ya wanyama. Kama twiga na swala wamehurumiwa, mtoto anayevuka kwenda shule hana haki pungufu.

Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na ile ya sokoni iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo ombi lilipitia halmashauri hadi Bodi ya Barabara ya Mkoa, likiwa na mchoro, jedwali la mwendo na nguzo ya kilomita. Mhandisi aliyetumwa aliniambia maombi mengi yanayowafikia husema tu "ajali zimezidi, tunaomba matuta". La kwetu lilimpa mahali pa kusimama na kitu cha kupima. Alikuja mchana, nikamwomba arudi jioni ya gulio, akarudi. Jioni ile aliona kwa macho yake basi likisimama, kundi la watu likipita mbele ya pua ya basi hilo, na semitrela likitokea nyuma.

Alinieleza jambo ambalo ningependa kila kijiji kilijue. Tuta likiwekwa peke yake, bila onyo, linazaa ajali yake: lori linamkuta mwenzake amefunga breki. Na pundamilia, yaani michirizi ya kivuko, iliyochorwa mahali ambako magari yanakwenda 80 ni mbaya zaidi, maana inampa mvukaji imani ambayo dereva hana. Mwendo unashushwa kwa hatua, kisha mtu anapewa njia ya kuvuka. Akanitolea mfano wa Salgaa, Kenya, kwenye mteremko wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Baada ya ajali ya Desemba 31, 2017 iliyoua watu 36 eneo la Migaa, kilichojengwa pale ni ukuta wa zege wa kutenganisha magari yanayopishana, kwa kuwa tatizo la pale lilikuwa kugongana uso kwa uso. Kila mahali pana ugonjwa wake, na dawa ya Salgaa isingetusaidia kwa Mpemba.

Kazi iliyofanyika kwetu haikuwa ya fedha nyingi. Alama za 50 zilihamishwa hadi kijiji kinapoanzia sasa. Zikafuata rasta, vituta vidogo vya kumwamsha dereva, halafu kivuko kilichoinuliwa chenye mgongo bapa, alama na rangi ya kuakisi taa. Mstari usiokatika ulichorwa kwenye mnyooko wote kuzuia kuovateki. Vituo viwili vya basi vilitenganishwa na kuchimbiwa nafasi nje ya lami, kila kimoja kikiwa mbele ya kivuko, ili anayeshuka arudi nyuma na kuvukia nyuma ya basi, mahali ambapo dereva anayekuja anamwona. Kwangu hicho ndicho kilichookoa miguu mingi kuliko vyote. Vichaka na vibanda viwili vilivyoziba njia ya sokoni viliondolewa; wenye vibanda walipewa nafasi ndani ya soko, jambo ambalo mtendaji alilisimamia mwenyewe.

Miezi ya kwanza majeruhi walipungua, lakini sikutaka kuandika ripoti ya ushindi. Mahali palipokuwa na kipindi kibaya sana huwa panashuka penyewe katika kipindi kinachofuata, hata bila jiwe kuwekwa, kwa bahati tu. Pia ajali zinaweza kuhamia jirani, dereva akifidia muda wake baada ya kuzipita rasta. Kwa hiyo tuliendelea kujaza daftari lile lile, tukaacha masika na magulio ya mavuno yapite, tukalinganisha na vipande vya pande zote mbili. Tukarudia pia kupima mwendo kwenye alama zetu za chokaa: magari mengi sasa yanapita karibu na 50. Kila mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa karibu asilimia 4, na ukishuka nayo hushuka, kwa hiyo badiliko hilo peke yake ni kubwa. Kundi la kwanza la mishale karibu limetoweka. La bodaboda limepungua lakini lipo, kwani bado hakuna nafasi ya kusubiria ya anayekata kulia.

Kipande kinachoongoza sasa kwenye daftari kiko mbele, karibu na viwanda vya mbao, ambako malori huegeshwa usiku nusu yakiwa juu ya lami, dereva akienda kula. Onyo ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, na magari madogo na bodaboda wanayaparamia malori yale kwa nyuma. Serikali ya kijiji imetoa uwanja wa kuegesha malori, na ombi la kuujengea mlango wa kuingilia na wa kutokea liko mbele ya Bodi. Nimeambatisha mchoro, na saa za kila tukio: mengi yanaangukia kati ya saa mbili na saa sita usiku.