Masala ya Biriani na Kona za Kwale

Mamangu hupikia watu harusi. Hana hoteli wala kibao cha tangazo. Ana masufuria, miko mirefu kama makasia, na wenzake watatu waliozoeana tangu usichana. Anayeijua biriani ya Mombasa anajua kwamba wali husafiri kivyake na masala kivyake. Wali hauna neno. Masala ndiyo yenye balaa: nyama, vitunguu vya kukaanga, mtindi, na mafuta yanayoelea juu, ndani ya sufuria la kubebwa na watu wawili. Gari tulilokuwa tukikodi lilishamwaga mara mbili. Mara ya pili yalimmwagikia khalati mapajani, na mpaka leo akipanda gari lolote hukunja miguu kwanza ndipo akauliza twenda wapi.

Nikaanza kutafuta Peugeot 504 stesheni wagoni, ile yenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo.

Si kwa ajili ya mapenzi ya kale, ingawa hayo nayo yapo. Sedani ya 504, iliyotoka Ufaransa mwaka 1968, kila gurudumu lake la nyuma huchezea springi yake peke yake. Stesheni wagoni ni mnyama mwingine. Nyuma ana ekseli moja nzima, chuma kinachounganisha magurudumu yote mawili, iliyokaliwa na springi nne, mbili kila upande, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma mna milimita 2,900, sentimita 16 zaidi ya sedani. Gari refu hivyo halirukiruki kama mbuzi. Ndiyo maana zamani Pijo hizi zilibeba abiria wa masafa kwa safu tatu za viti, zikabeba magunia, zikabeba na maiti. Na asiniambie mtu kwamba ni bati la kizee tu: Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504.

Wamarekani wana mtindo wanaouita pro-turingi. Wanachukua gari la zamani, sura wanaiacha kama ilivyokuwa, kisha breki, springi, injini na tairi wanaweka za kisasa, ili gari liende mbali, likate kona na lisimame. Mhandisi mmoja wa General Motors, Mark Stielow, amejulikana sana kwa Camaro zake za 1969 (gari za spoti) za namna hiyo. Nilikuwa nikizitazama usiku kwenye simu nikiwa zamu. Kazi yangu ni kontena za baridi, zile zenye friji. Ukishahakikisha samaki wa watu hawaozi, unabaki na saa nyingi za kutazama magari ya wenyewe. Lakini Camaro haibebi sufuria.

Yangu niliipata Mazeras, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Namba yake haina herufi ya mwisho, yaani ilisajiliwa kabla mfululizo wa KAA haujaanza. Tulielewana kwa shilingi 110,000, na mayai akabaki nayo. Ilipovutwa hadi uani kwetu Mtopanga, mama alitoka na mwiko mkononi, akaizunguka mara moja.

“Mwanangu, waniletea jeneza uani mwangu?”

“La, mama. Ni la masala hili.”

“Na hilo tundu la chini, masala yatatokea hapo?”

Tundu lilikuwepo kweli. Kutu ya pwani haina haya, hula kutoka ndani kuja nje, na ukiona rangi imefura kama andazi ujue bati lilishakwenda zamani. Nilipita na bisibisi nikigonga kila pahali: vizingiti vya milango, sakafu chini ya dereva, mbavu za mlango wa nyuma. Pakilia “ti” ni chuma. Pakilia “pu” ni rangi na dua. Mjomba, ambaye amechomelea mageti nusu ya Kisauni, alikuja Jumapili baada ya Jumapili. Tulikata na kuchomea kaskazi nzima, jasho likidondokea chuma cha moto na kulia tsss. Yeye hataki fila, ule uji mzito wa kuziba mashimo ya bati. Husema fila ni ya harusi ya watu wasiopendana. Sijui ana maana gani, lakini kwenye gari langu haikupakwa pahali pa kubeba uzito hata kijiko.

Injini nitaipitia haraka, maana kila mtu huniuliza hiyo na mimi naiona ndiyo rahisi. Ni 3S-GE ya Toyota Altezza, silinda nne, sentimita za ujazo 1,998, pamoja na gia boksi yake ya gia sita. Toyota waliitaja kwa nguvu za farasi 210 ilipokuwa mpya. Yangu imekula chumvi nyingi, siitaji hesabu. Nimeichukua hiyo kwa sababu ya kawaida sana: imelala kwa urefu kama inavyotakikana, na spea zake zapatikana mjini kabla ya adhuhuri. Kijana mmoja alinishauri niweke V8. Nikamwambia V8 haitapunguza foleni ya Nyali hata kwa gari moja. Kubadilisha injini kwataka pia kitabu cha gari kibadilishwe, na hilo lilinichosha kuliko kuichomoa ile ya zamani.

Kazi yenyewe ilikuwa chini ya sakafu. Katika 504, shafti ya propela, fimbo inayopeleka nguvu ya injini nyuma, imefichwa ndani ya bomba, na bomba hilo limefungwa kwa gia boksi mbele na kwa difu, yaani gia za ekseli, nyuma, vyote kitu kimoja. Bomba ndilo linalozuia ekseli isijizungushe ukikanyaga mafuta. Ukitoa gia boksi ya Peugeot, bomba halina pa kushika, na ekseli haina wa kuishika. Kwa hiyo tuliiondoa yote, tukaweka ekseli ya Hilux kuukuu, na mjomba akatengeneza mikono minne ya kuishika kwa mbele na mmoja wa kukingama ili isiende kando. Zile springi nne tukazirudisha pahali pake. Kuna vijana wakitaka gari lishuke hukata springi kwa grainda. Springi iliyokatwa huwa ngumu na fupi kwa pamoja, na gari linakuwa kama punda aliyefungwa miguu. Mimi pesa yangu niliitia kwenye shokomzoba, ndizo zinazoamua gari litulie au liendelee kucheza baada ya tuta kupita.

Eti nililishusha kiasi gani? Swali hilo nililijibiwa na bahari. Ukivuka Likoni maji yakiwa yamejaa, ngazi ya feri ni kama sakafu ya msikiti. Njoo maji yamekupwa, hasa siku za bamvua, uone inavyoinama: pua ya gari inashuka, kisha inakutana na bati la feri kabla tairi halijafika. Mara ya kwanza nililishusha kwa macho, likapendeza uani, likaacha bampa ya mbele na kipande cha ekzosi pale kivukoni, watu mia tatu wakishuhudia. Mama mmoja aliyebeba beseni la samaki akaniokotea bampa, akanikabidhi, akasema “Pole, babangu,” akaenda zake. Niliporudi niliifunga kwa kamba ya plastiki, nikalipandisha sentimita tatu na nusu. Sasa inapita bamvua yoyote, ikiwa na sufuria nyuma na bila sufuria. Kimo hicho Wamarekani watakicheka. Waje Likoni.

Tairi ni 205/55, rimu inchi 16. Si kubwa wala hazitishi, lakini kila duka la tairi hapa linazo, na namba 91 iliyoandikwa ubavuni ina maana kila tairi inabeba kilo 615. Mwenye gari la mizigo aisome hiyo kabla hajasoma bei.

Sasa breki, na hapa naomba mtu asome polepole.

Nilitia diski kubwa mbele na kaliperi zake, vile vibano vya kuzibana, mkerezaji akinichongea vipande vya kuzishika. Master silinda, pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki, nikaacha ya zamani, kwa sababu ilikuwa mpya kidogo na mimi nilikuwa nimeishiwa. Pedali ilikuwa ndefu. Nikajiambia nitazoea. Ndivyo mtu ajidanganyavyo: kaliperi kubwa yataka mafuta mengi, silinda ndogo yasukuma machache, kwa hiyo mguu unakwenda mbali kuliko inavyofaa. Juu ya hapo nilijaza mafuta ya breki kutoka kopo lililokaa limefunguliwa rafuni miezi kadhaa. Mafuta hayo hunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu unaijua ilivyo, shati huwezi kulianika likakauka. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji yake kiwango ni 155 tu.

Jumapili alfajiri nikatoka kulijaribu. Nikapita Dongo Kundu, barabara tupu, nikaingia ya Lunga Lunga, na Kombani nikakata kulia kupanda Kwale. Kutoka usawa wa bahari hadi Kwale mjini ni karibu mita 400 za kupanda, na kona zake ni tamu. Gari liliimba. Nilifika juu nikanywa kahawa tungu kwa kaimati, nikajiona mtu wa maana.

Kushuka ndiko kulikonisomesha. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, nashika breki na kuachia, nashika na kuachia. Ya tano, mguu ukazama mpaka kwenye zulia kama umekanyaga tope. Mafuta yamechemka, ndani mna mvuke, na mvuke hubonyea. Mbele yangu lori la nazi lashuka taratibu, mtu kalala juu ya nazi. Nilipampu mara tatu, nikatia gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele ambayo sijaisikia tena, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Lilisimama ubavuni kwenye nyasi, si mbali na lile lori. Yule wa juu ya nazi alinyanyua kichwa, akanipungia mkono, akalala tena.

Nilikaa pale nusu saa. Magurudumu yalinuka kama chapati iliyosahauliwa.

Wiki iliyofuata gari halikutoka. Master silinda ya inchi moja, mipira mipya ya breki iliyosukiwa waya, mafuta kutoka kopo lililofunguliwa siku ile ile, na kila mwaka yanabadilishwa kabla ya masika, hata kama gari halijalalamika. Na nikaongeza valvu ya kupunguza breki za nyuma. Stesheni wagoni ni magari mawili: tupu, nyuma nyepesi, magurudumu hujifunga na mkia hutaka kupita mbele, ikipakiwa masufuria, breki ile ile ya nyuma inahitajika yote. Valvu ina kitufe cha kuzungusha, nimekiweka chini ya dashibodi, na dadangu amekiandikia kwa rangi ya kucha alama mbili: TUPU na HARUSI.

Ndipo ikaja harusi ya Kwale. Masufuria mawili ya masala nyuma, vifuniko vimezibwa kwa unga na kufungwa kwa leso. Wali ulitangulia kwa pikapu. Mama mbele, khalati nyuma amekunja miguu. Nikazungusha kitufe. Baridi nayo nilishaifungua, na niseme tu kwamba katika gari hili lote kitu ambacho hakijawahi kunisumbua hata siku moja ni AC. Fundi wa friji akikosa hilo na ajiuzulu.

Kupanda kutoka Kombani sikulikimbiza, lakini sikulibembeleza pia. Niliingia kona kwa mwendo ambao gari la kukodi lingeshaomba radhi. Mwili uliinama kidogo, ukatulia, ukabaki pale pale hadi barabara iliponyooka. Kwenye kioo nilimwona khalati ananyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Mama alikuwa akizungumza kwenye simu kuhusu vitunguu na hakuikata simu hata mara moja.

Tulipofika nikafungua mlango wa nyuma. Unga ulikuwa mzima kwenye sufuria la kwanza. La pili lilikuwa na ufa, na juu ya leso doa la mafuta, pana kama shilingi ishirini.

Mama alilitazama akaligusa kwa kidole.

“Hili la tuta la hapo langoni.”

“Huenda, mama.”

“Si huenda. Nililisikia.” Akalamba kidole. “Na hiyo baridi yako uizime turudipo. Magoti yaniuma.”