Tela la upepo alfajiri: mabaluni na miguu kabla ya kuiacha Uyole

Tela la springi za chuma ukilikuta asubuhi limeinama, jua kuna kitu kimevunjika. La upepo, linalobebwa na mabaluni (mifuko ya raba yenye upepo) badala ya springi, likilala usiku kucha limeketi chini, huenda halina ubaya: upepo umevuja taratibu, chesisi imekalia raba za kugotea. Kazi ni kulirudisha kwenye kimo chake, na ukikosea mpangilio unalipa kwa kupinda miguu ya tela, ile inayolisimamisha likiwa halina kichwa.

Anza na kabari, mbele na nyuma ya tairi za tela, na kitufe cha handibreki ya tela kiwe kimevutwa. Teremsha mabaluni ya kichwa (gari linalovuta), ingia chini ya tela, simama kabla ya kingpini, ile pini nene ya chuma chini ya tela. Sasa pandisha kichwa mpaka sahani yake ya kuunganishia ilibebe tela na miguu iwe myepesi, ndipo urudi nyuma ufunge. Sahani ikiwa chini mno, kingpini hupita juu ya taya za sahani zinazoikamata, zisifunge sawasawa. Vuta mbele kidogo kwa gia ndogo, breki za tela zikiwa zimeshika, kisha shuka na tochi: taya zimefunga, na kati ya sahani na tela usione mwanga. Kuvuta peke yake hakutoshi.

Kati ya mipira ya upepo inayounganisha kichwa na tela, mwekundu ndio unaopeleka upepo kwenye tanki la tela, wa njano ni wa amri ya kanyagio. Ukichomeka mwekundu wakati handibreki ya tela haijafungwa, breki zinaachia na tela linaweza kuondoka lenyewe. Ndiyo maana kabari zinatangulia.

Sasa washa, na usiwe na haraka. Mbeya, ilipo Uyole, iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kompresa inachukua muda zaidi kujaza matanki yale yale. Isitoshe, mabaluni hula mwisho: kuna valvu inayozuia upepo usiende kwao mpaka matanki ya breki yafike kama bar 6. Tela likikataa kuinuka na geji iko bar 5, usimwite fundi, subiri. Geji ikifika 8 na tela bado limelala, hapo kuna la kutafuta.

Wakati geji inapanda, utingo avute pete za chini ya matanki kutoa maji. Maji machache si tatizo. Yakitoka meupe kama maziwa au yenye oili, kikaushia upepo kimechoka, na huenda kompresa inapitisha oili.

Miguu ipandishwe baada ya yote hayo. Tumia gia ya polepole ya mpini mpaka viatu vya miguu viachane na ardhi, kisha gia ya haraka hadi juu kabisa, na mpini utundikwe kwenye ndoano yake. Masika, kwenye udongo mwekundu, mguu mmoja huzama kuliko mwenzake. Anayelaza tela bila mbao chini ya viatu atapambana na tope asubuhi. Na anayeliacha tela achomoe upepo wa mabaluni KABLA ya kushusha miguu. Asipofanya hivyo, tela litashuka lenyewe usiku, mikono inayoshika eksili itazunguka, na miguu itaburutwa ikiwa na mzigo wote.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni mpini wa valvu ya kupandisha na kushusha mabaluni ya tela kuachwa nje ya nafasi ya safari. Ukibaki kwenye kupanda, shokapu zinavutwa hadi mwisho. Ukibaki chini, tela linagonga raba kila shimo. Urudishe, kisha pima kimo kwenye ardhi tambarare, kutoka katikati ya eksili hadi chini ya chesisi, ulinganishe na kibao cha tela. Kimo kikipotea, tazama kwanza kifimbo cha valvu ya kimo, ile inayoongeza na kupunguza upepo wa mabaluni: mara nyingi kimepinda au kiungo chake cha raba kimechomoka.

Zima injini, achia breki huku kabari zikiwepo, utazame geji: ikishuka zaidi ya bar 0.2 kwa dakika, kuna mvujo. Maji ya sabuni na brashi vitakuonyesha. Kagua mkunjo wa chini wa kila baluni, hapo tope kavu na kokoto hukaa na kusaga raba.

Kufuli za kontena na turubai unazijua. Toa kabari.

Mteremko wa Inyala utakujaribu mapema. Ukifika Chimala, shika kila shokapu kwa uangalifu: iliyo hai ina joto, iliyobaki baridi imekufa. Badilisha kabla ya mteremko wa Kitonga, maana kwenye matela mengi shokapu ndiyo inayozuia baluni lisivutike kupita kiasi, na ikikatika, baluni linang'oka kwenye kikombe chake.